Jikague mwenyewe kabla mkaguzi wa hataza hajakukagua: hatua kwa hatua

Maswali ni yale yale kila siku. Nimebuni kitu, nikipeleka KIPI (ofisi ya mali ya viwanda ya Kenya) nitapewa hataza, yaani patent? Nikipeleka hawataniibia? Mbona mkaguzi kanikatalia na kitu changu kinafanya kazi vizuri kabisa, watu wameshakinunua? Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo naandika hapa mara moja, ukiulizwa na mwenzako mpe asome.

Kitu cha kwanza ujue, na ukikishika hiki mengine yatakuja yenyewe: mkaguzi hakagui kama kitu chako ni kizuri, hakagui kama kitauzwa, wala hana habari ulikesha miezi mingapi gereji. Anachukua maneno ya madai yako, yaani ile sehemu ya ombi inayosema "hiki ndicho changu", anayakata vipande, halafu anatafuta kama vipande hivyo vilishaonekana popote duniani. Kazi yake kubwa ni hiyo. Na zana anazotumia nyingi ziko wazi kwenye intaneti bure, kwa hiyo hakuna kinachokuzuia kuifanya kazi hiyo hiyo nyumbani kwako kabla hujalipa hata shilingi ya ada.

Mfano nitakaotumia mwanzo mpaka mwisho ni jiko la mkaa lenye feni. Mfano tu, usije ukaniandikia unataka kulinunua.

Kabla hujaanza, kuwa na hivi

- Kompyuta yenye intaneti. Simu inaweza lakini michoro ya hataza kwenye kioo cha simu utalia.
- Mchoro wa kitu chako, hata wa kalamu ya risasi, kila sehemu iwe na namba yake.
- Excel au daftari lenye mistari.
- Orodha ya majina ya kitu chako kwa Kiingereza, mengi iwezekanavyo. Usiniambie unajua moja tu, nitarudi hapo.
- Fundi mmoja wa fani hiyo unayemwamini, na karatasi ya makubaliano ya kutunza siri aliyotia sahihi. Urafiki peke yake hautoshi.

1. Funga mdomo

Najua inauma maana video ya kitu kipya ndiyo inaleta likes. Lakini kitu kikishaonyeshwa kwa umma hata na wewe mwenyewe kinaweza kutumika dhidi yako. Sheria ya Kenya ya mali ya viwanda ya mwaka 2001 inakuachia miezi 12, yaani ukikionyesha mwenyewe halafu ukapeleka ombi ndani ya miezi hiyo hawakuhesabii. Marekani nao wana mwaka mmoja. Ulaya hawana huruma hiyo, ukishakianika sokoni au mtandaoni kwa hiari yako imekwisha, mlango umefungwa. Sasa kama una ndoto ya kuuza hadi Ujerumani usiitegemee ile miezi 12 ya hapa nyumbani, peleka ombi kwanza halafu ndio upige picha.

2. Angalia kama kitu chako kinaingia mlangoni

Hapa ndipo wengi wanaanguka bila hata kufika kwenye upekuzi. Hataza haitolewi kwa kugundua kitu kilichokuwepo kwenye asili, nadharia ya kisayansi, njia ya hesabu, mbinu ya kufanya biashara, sheria za mchezo, wala njia ya kumtibu mtu au mnyama. Aina mpya za mimea zina sheria yake tofauti. Kwa hiyo wewe mwenye "wazo la app ya kuunganisha bodaboda na abiria", hiyo kama ilivyo ni mbinu ya biashara, usipoteze hela. Kama ndani ya hiyo app kuna kitu cha kiufundi kweli, mfano njia mpya ya simu kutuma data mtandao ukiwa dhaifu, basi zungumza kuhusu hicho na biashara iache pembeni.

Jiko letu ni kifaa. Linapita.

3. Andika dai moja, sentensi moja

Usiandike "jiko la kisasa linaloboresha maisha ya mama wa kijijini". Mkaguzi hapo hana cha kushika. Andika hivi:

"Jiko la mkaa lenye chungu cha udongo cha kuwekea mkaa, feni chini ya chungu hicho, kifaa kinachogeuza joto la jiko kuwa umeme wa kuendesha feni, na droo ya majivu chini yake, ambapo droo ikivutwa inaziba njia ya hewa kutoka kwenye feni."

Ni sentensi mbaya kuisoma, sawa, ila kila neno lina kazi. Usitie neno ambalo hulihitaji, maana kila unachoongeza kinapunguza ulinzi wako, ukisema "droo ya bati" mwenzako atatengeneza ya aluminiamu na atakucheka. Na usipunguze mno pia, ukiacha "jiko lenye feni" tu utakuwa umejidai mwenye vitu vilivyojaa madukani.

4. Kata vipande

Fungua Excel. Kila sehemu ya dai mstari wake:

A. jiko la mkaa lenye chungu cha udongo
B. feni chini ya chungu
C. kifaa cha kugeuza joto kuwa umeme wa feni
D. droo ya majivu inayoziba njia ya hewa ikivutwa

Nguzo (columns) za pembeni acha wazi, hati utakazopata zitaingia huko moja moja. Jedwali hili ndilo moyo wa kazi yote, nimeona watu wanapekua wiki nzima bila jedwali halafu mwisho wanakuambia "nimeona vitu vinavyofanana fanana hivi". Kufanana fanana hakumsaidii mtu.

5. Tafuta namba ya uainishaji

Hati za hataza duniani zimepangwa kwa mfumo unaoitwa IPC, una sehemu nane kuanzia A mpaka H, na chini yake matawi zaidi ya elfu 70. Kuna na CPC ambao umechimba zaidi, matawi yanapita laki mbili. Usiogope, wewe unahitaji mawili matatu tu. Majiko ya nyumbani ya kuni na mkaa yako F24B. Jinsi ya kuipata: tafuta hati yoyote moja inayofanana na kitu chako, fungua, angalia namba zilizoandikwa ukurasa wa mbele, zichukue hizo.

Faida yake ni kwamba namba haijali lugha. Jiko liliandikwa Kichina, Kijapani au Kireno lote limewekwa F24B.

6. Sasa pekua

Ingia Espacenet ya ofisi ya hataza ya Ulaya, ina hati zaidi ya milioni 140, bure, huhitaji hata akaunti. Google Patents ni rahisi zaidi kwa kuanzia. PATENTSCOPE ya WIPO, shirika la dunia la mali ya ubunifu, nayo ni nzuri kwa maombi ya kimataifa. Pekua angalau kwenye mbili.

Changanya namba na maneno. Hapa ndipo ile orodha ya majina inapofanya kazi: mwenye hataza hapendi kuita kitu kwa jina lake la mtaani, jiko ataliita stove, cooker, cookstove, brazier, combustion apparatus, heating device, na droo ya majivu utaikuta ash drawer, ash pan, ash tray, residue container, yaani mradi tu usiipate. Andika yote na uunganishe kwa OR, kisha AND F24B.

Ukipata moja iliyokaribia sana usiiache iende hivi hivi. Angalia hati ambazo yenyewe imezitaja, na hati za baadaye ambazo zimeitaja yenyewe. Kwa njia hiyo ya kufuata nyayo mbele na nyuma mara nyingi unapata mazuri kuliko kwa maneno. Ya Kichina usiruke, bonyeza kitufe cha tafsiri, Kiingereza kitakachotoka ni cha ajabu lakini michoro inajieleza.

Halafu toka nje ya hataza. Hapa wanaoanza wanakosea sana, wanadhani mkaguzi anaangalia hataza peke yake. Anaangalia KILA kitu kilichowekwa wazi kwa umma kabla ya siku ya ombi lako, jarida la chuo, katalogi, video ya YouTube, bidhaa Alibaba, kitu kilichouzwa soko la Gikomba. Na cha zamani hakiozi. Mwaka 1995 Marekani walitoa hataza ya kutumia manjano kuponya vidonda, namba 5,401,504, ilikuwa ya chuo kikuu cha Mississippi, manjano haya haya ya pilau. India wakaleta vitabu vyao vya kale na makala ya jarida la madaktari la mwaka 1953, na mwaka 1997 madai yakaangushwa. Mwarobaini nao ilikuwa hivyo hivyo: ofisi ya Ulaya ilitoa hataza mwaka 1994 ya dawa ya ukungu ya mimea iliyotokana na mafuta yake, ikapingwa, ikafutwa mwaka 2000, rufaa ikaisha 2005 na ikabaki imefutwa. Angalia hiyo miaka. Mkaguzi kupitiwa na kitu haimaanishi umepona, mtu anaweza kukuangusha hata ukiwa na cheti mkononi.

Kwa jiko letu ukitoka nje ya hataza hufiki mbali. Jiko la udongo lile lenye kiuno chembamba limeenea Kenya tangu miaka ya 1980, na lenyewe lilichukua mfano kwa majiko ya ndoo ya Thailand. A imekwisha. Halafu BioLite, kampuni ya New York, wanauza jiko la kuni ambalo joto lake linazalisha umeme unaoendesha feni, na wameuza mpaka hapa Kenya. B na C hizo zimekwenda. Watu wengi wakifika hapa wanafunga kompyuta wanakwenda kulala na huzuni. Tulia, hatujamaliza.

7. Soma hati kama mkaguzi anavyosoma

Mambo matatu tu.

Kwanza tarehe. Hati iwe imechapishwa kabla ya siku unayopeleka ombi. Ya baadaye kwa kawaida haikuhusu, ila ombi la mtu aliyekutangulia kupeleka kwenye ofisi hiyo hiyo linaweza kuua upya wako hata likichapishwa baadaye.

Pili, soma hati YOTE. Ukipekua hati ya mtu kuona kama inaua upya wako, usisome madai yake peke yake. Kitu kikitajwa kwenye maelezo au kikionekana kwenye mchoro namba 7 kimeshawekwa wazi, hata kama mwenyewe hakukidai. Na hata kama ombi lake lilikataliwa, au muda wake uliisha miaka ya 1930.

Tatu, andika kwenye jedwali ukurasa na aya. "A: ndiyo, uk. 3 aya ya pili. D: hapana." Usiandike "nadhani ndiyo".

8. Upya: hati moja peke yake

Kanuni hapa ni kali na ni nzuri kwako. Ili useme kitu si kipya, hati MOJA lazima iwe na A na B na C na D zote. Huruhusiwi kuchukua A kwenye hati hii na D kwenye ile ukaziunganisha, hiyo ni hatua inayofuata. Ukiona nguzo moja ya jedwali imejaa ndiyo tupu juu mpaka chini, dai hilo limekufa, libadilishe. Jiko letu D haipo kwa yeyote tuliyemwona, kwa hiyo ni jipya.

Kwenye ripoti za upekuzi za ofisi za hataza utakuta herufi pembeni ya kila hati. X ni hati inayokuumiza peke yake. Y inakuumiza ikiungana na nyingine. A (hii si ile A ya jedwali letu) ni ya kukupa picha tu, haikuui. Ukipokea ripoti anza na X, A ziache mwisho, wengi wanapaniki wakiona hati kumi na kumbe tisa ni A.

9. Hatua ya uvumbuzi: hapa ndipo vita vilipo

Kitu kinaweza kuwa kipya na bado kikakataliwa kwa sababu ni dhahiri kwa fundi wa fani hiyo. Huyu fundi ni mtu wa kufikirika, anajua kila kilichochapishwa kwenye fani yake lakini hana ubunifu hata chembe. Wakaguzi wa Ulaya wana utaratibu wao wa kumpima na hata kama unapeleka Nairobi au Harare utakusaidia kupanga kichwa:

a) Chagua hati iliyo karibu kuliko zote. Sisi ni lile jiko lenye umeme wa joto.
b) Andika tofauti. Sisi ni D (na chungu cha udongo, lakini hicho kila mtu anakijua).
c) Tofauti hiyo inaleta nini kiufundi? Droo ikivutwa hewa inakatika, majivu hayampulizikii mpishi usoni.
d) Kwa hiyo tatizo lililotatuliwa ni lipi? "Jinsi ya kutoa majivu feni ikiwa inazunguka bila kuyarusha." Usiweke jibu ndani ya swali. Ukiandika "jinsi ya kuweka droo inayoziba hewa" umejichimbia kaburi, maana swali likiulizwa hivyo jibu ni dhahiri.
e) Fundi wetu akipewa tatizo hilo angefanya nini?

Kwenye (e) swali si kama ANGEWEZA kufanya kama wewe. Baada ya kuona jibu kila mtu anaona angeweza. Swali ni kama kuna kitu kwenye hati za zamani kingemsukuma afanye hivyo. Tuseme umepata hati ya stovu ya kupasha nyumba ambayo mlango wake ukifunguliwa kizibo kinakata hewa, na hati imesema wazi kuwa ni ili majivu yasiruke. Hapo hali ni mbaya, tatizo lile lile na dawa ile ile, fundi angeichukua. Lakini kama ile hati kizibo kimewekwa ili moto usizime, majivu hayajatajwa kokote, una cha kubishana.

Mpelekee yule fundi wako mwenye karatasi ya siri. Mpe tatizo bila jibu. Akikuletea droo yako ile ile kwa dakika tano, fikiria upya. Si ushahidi wa kisheria huo lakini unaamsha usingizini.

10. Maelezo yatoshe

Mkaguzi anaangalia pia kama mtu wa fani akisoma maelezo yako anaweza kukitengeneza kitu bila kukupigia simu. Kuna watu wanaficha kile kipande cha siri "wasije wakaiba". Ndugu yangu, hataza ni kubadilishana, unaeleza wazi na serikali inakupa haki kwa muda. Ukificha unakosa vyote viwili. Na ombi likishapokelewa huwezi kuongeza kitu kipya ndani yake, kwa hiyo yale mambo ya pembeni (droo ya kuzunguka badala ya kuvuta, kizibo cha sumaku) yaandike sasa hivi yote. Utakuja kuyahitaji mkaguzi akikubana.

11. Amua

Tofauti yako ikiwa na nguvu, omba hataza. Kenya ni miaka 20 tangu siku ya ombi, ukilipa ada za kila mwaka. Ikiwa ni kipya lakini hatua ya uvumbuzi ni nyembamba, kuna cheti cha modeli ya matumizi (utility model), ni miaka 10 na hapo hawakudai hatua ya uvumbuzi, upya na kutumika viwandani vinatosha. Kwa mafundi wengi wa jua kali hiki ndicho kinachowafaa na sijui kwa nini watu wanakidharau.

Tanzania bara unakwenda BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni. Zanzibar ina ofisi yake, BPRA, na sheria yake, usidhani ya bara inavuka maji. Ukitaka nchi kadhaa kwa ombi moja ni ARIPO, shirika la kikanda la mali ya ubunifu la Afrika, pale Harare, Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda zote zimo, ukaguzi unafanyika Harare halafu kila nchi uliyoitaja ina miezi sita ya kusema kama inakataa.

Kwa Kenya weka kwenye kalenda: ombi linachapishwa baada ya miezi 18, na LAZIMA uombe ukaguzi ndani ya miaka mitatu tangu siku ya ombi. Ukaguzi hauji wenyewe. Wapo waliokaa kimya wakisubiri kuitwa na ombi likafa hivyo hivyo.

Ukikwama

*Nimepekua sijapata kitu chochote.* Maneno yako ni mabaya, karibu kila mara ni hivyo. Rudi hatua ya 5, tumia namba ya uainishaji peke yake bila maneno. Na kumbuka maombi mengi ya miezi 18 ya karibuni hayajachapishwa, hakuna anayeweza kuyaona, wewe wala mimi.

*Nimepata hati elfu nne.* Ongeza tofauti yako (D) kwenye upekuzi, A usiitafute kabisa, inajulikana.

*Nimepata kitu changu chenyewe, cha Mjapani, na hakijawahi kufika Afrika.* Hataza yako ndiyo imekufa, kufika au kutofika Afrika hakujalishi. Lakini geuza shilingi uangalie upande wa pili: hataza ni ya nchi kwa nchi. Kama yule Mjapani hakuomba Kenya wala kupitia ARIPO, au muda wake umeisha, unaruhusiwa kulitengeneza na kuliuza Kenya bila kumlipa. Hakikisha hali ya hati kwanza, halafu anza kuchomelea.

*Mbona Australia waliandikisha gurudumu?* Kweli, mwaka 2001 wakili mmoja wa Melbourne aliandikisha gurudumu kama uvumbuzi wake. Ule mfumo ulikuwa unaandikisha bila kukagua kwanza, na yeye alitaka kuonyesha hilo hilo. Baadaye ikafutwa. Cheti ambacho hakijakaguliwa kipo kama karatasi tu mpaka siku mtu atakapokigusa.

*Barua ya mkaguzi imekuja, amekataa madai yote.* Barua ya kwanza ya kukataa ni kawaida kabisa, hiyo ni mwanzo wa mazungumzo. Angalia tarehe ya mwisho ya kujibu kabla hujasoma kitu kingine. Halafu chukua hati alizotaja uziweke kwenye jedwali lako la hatua ya 4, kipande kwa kipande, kwa sababu naye hukosea, anaweza kusema D ipo ukurasa wa 6 ukafungua ukakuta droo ya kawaida isiyoziba kitu. Mjibu kwa ukurasa na aya, bila hasira na bila hadithi ya mateso yako. Na kama ana haki, hamisha kitu kutoka kwenye maelezo ukitie kwenye dai kulibana zaidi, ile droo ya kuzunguka uliyoiandika hatua ya 10 kazi yake ni hii.